Raketi ya Kasereka na Bega ya Masika

Beni, komini ya Ruwenzori

Baba Paluku, bwana yangu,

Wavukire, nakusalimia. Kaa chini kwanza. Barua hii si ya kusoma umesimama mu mulango na jembe mu bega. Na hapana kuipatia mutu mwingine akusomee. Nakujua, utasema mawani imepotea. Mawani iko mu kikombe ya bati, kando ya Biblia, pale niliiacha mimi mwenyewe.

Uko muzima? Ile goti yenye kukusumbua na baridi ya Kipese, ungali unaifunga na kitambaa ya sufu, ao umejifanya kijana? Bibi ya Paluku anakupikia bundu ya moto, ao anakupatia ya asubuhi imekauka? Ng'ombe nyeusi ilizaa? Ngano, mulivuna ninyi ao batu ya bunduki balivuna mbele yenu? Tangu antena ya simu ilikufa hatujasikia sauti yako. Kila mutu mwenye kushuka kutoka upande wa Lubero, namukamata mukono namuuliza. Banajibu tu: "Muzee yuko, tulimuona ku kanisa." Mutu kuonekana ku kanisa si habari. Hata maiti inaonekanaka ku kanisa.

Sisi tuko. Joto ya huku haina heshima, inaingia mu nyumba mbele ya mugeni. Nalala na mujukuu wetu Masika chumba moja kwa mama yake, na mikono yangu haina shamba. Asubuhi naamka natafuta jembe, kisha nakumbuka. Wakati vita ilipanda kutoka Kayna ulisema, "Wewe peleka batoto ku Beni, mimi nabaki juu ya ngano." Sawa. Ile maneno sitaki kuirudilia leo, maana nitaharibu karatasi.

Nakuandikia juu ya jambo moja, na nataka ulisikie ku kinywa yangu, mbele mutu mwingine hajakuletea na chumvi juu yake. Raketi ya Kasereka, nimekata kamba zake. Zote. Na mukono yangu mimi, na wembe. Umesoma vizuri. Sasa hapana kutupa karatasi mu moto, ngoja nikuelezee.

Unakumbuka siku ya kumaliza kilio ya mutoto wetu Kasereka, wakati tuligawanya vitu vyake. Paluku alipata koti ya mudogo yake, akaivaa palepale na jua yote ile, jasho inamutoka, juu kitu ya marehemu ukipewa unaitumia siku ile ile na batu banakuona. Kisha wewe ukabeba raketi na mikono mbili, sawa mutu mwenye kubeba sahani ya sadaka. Ukaita Masika mbele ya jamaa. Ukasema: "Huyu ni baba yako. Isitoke mu mukono yako. Na mutu asiibadilishe hata kidogo." Sisi wote tukaitika. Ilikuwa maneno mazuri. Ulisimama vizuri pia, na kofia mu mukono. Lakini wewe, Baba Paluku, ulikuwa unagawanya kitu hujawahi kushika. Ulijua nini ya raketi? Ulijua tu kama mutoto wetu alikufa mu barabara ya Kasindi wakati alienda kutafuta mipira ya ile mchezo ya tenisi, na kama raketi ilibaki nyumbani ku musumari.

Ile raketi ni nzito. Kasereka alikuwa mwanaume wa mabega sawa mulango ya kanisa, ulimuzaa na mimi, unajua. Alibandikaka vipande vya madini ya risasi juu ku kichwa ya raketi ili mupira uende na nguvu. Kamba alivutaka ngumu sana, ukigonga na kidole inajibu sawa bati. Na mukamato wake ni munene, wa mukono yake yeye, ngozi iliingia pale vidole vyake vilikaa. Masika alitia vidole vyake mu ile mashimo. Vidole havijai. Na hakuthubutu kubadilisha, juu muzee wa Kipese alisema hapana kubadilisha.

Mutoto huyu ana mukono sawa wangu mimi mukaka yake, mwembamba. Na kazi ya baba yake njo anafanya, pale ku serkle, ile kilabu ya tenisi, kufundisha batoto ya bafanyabiashara. Mipira ya pale ni mizee, imekunywa mvua, haina roho tena. Mupira wa vile ukitaka upite juu ya wavu unaupiga sawa unapiga nyoka. Kila siku, kutoka asubuhi, mukono juu, mukono juu.

Mimi njo nilikuwa wa kwanza kuona. Nilimuona anasonga bundu na mukono ya kushoto.

Nikamuambia: "Masika, ni nani alikufundisha? Unataka bageni baseme tulilelea mutoto mu pori?"

"Mukaka, ni kuzoea tu."

"Kuzoea nini? Kushoto ni ya kushika mutoto, si ya kusonga."

Akacheka. Kisha nikaona kilemba anafunga na mukono moja, na meno. Na usiku akigeuka ku kitanda anavuta pumzi kidogo, sawa mutu mwenye kukanyaga mwiba na hataki mama yake ajue. Nilimukanda na maji ya moto. Nilimupaka mafuta ya mawese na tangawizi. Bamama ya chumba ya maombi balikuja, balimuwekea mikono, bakaimba, bakakula maharagi yetu, bakaenda. Bega ikabaki vilevile.

Njo nilikupigia wakati antena ilikuwa ingali inasimama. Unakumbuka ulijibu nini? Ulisema: "Ni baba yake anamushika. Anamukumbusha asiache." Na sauti yako ilikuwa nzito, nilijua unalia pale mu shamba, nikanyamaza. Lakini simu ilikuwa mu sauti kubwa, Baba Paluku. Mutoto alikuwa anakaa kando yangu anachagua mchele. Alisikia yote.

Kutoka siku ile hakuniambia tena kama anaumwa. Hata mara moja.

Sasa serkle ya Butembo iliita ya Beni baje kushindana. Masika njo alikuwa wa kwanza ku wanawake. Mama yake alikuwa na soko, basi nikaenda naye mimi. Barabara ile unaijua, mutu anapita akiomba. Tukafika wazima, na mavumbi mpaka mu masikio. Nililala Butembo kwa mara ya kwanza tangu tulikimbia, na baridi yake ilinifurahisha, ilikuwa karibu sawa ya kwetu.

Nilikaa ku kiti ya mbele. Mabibi ya Butembo balinitazama juu ya kitenge yangu, nikabatazama pia mpaka balichoka. Masika akaanza vizuri. Ule anayeshindana naye alikuwa kitoto ya tajiri, na raketi mpya inang'aa, nyepesi, anaichezesha sawa kijiko. Wetu alimupeleka huku na huku. Nikasimama, nikapiga kigelegele, mutu akaniambia, "Mama, hapa banakaa kimya." Nikamuambia, "Kaa wewe."

Kisha Masika akarusha mupira juu, ule wa kuanzisha. Mukono ikapanda mpaka hapa, usawa wa sikio, ikasimama. Mupira ukaanguka chini peke yake, tok tok tok. Raketi ikaanguka pia. Masika akabaki amesimama anatazama mukono yake sawa ya mutu mwingine.

Nikaingia mu kiwanja na viatu vyangu. Wa kupuliza firimbi akapiga kelele, sikumusikia.

Mbusa, ule rafiki wa Kasereka mwenye kutengeneza raketi pale Butembo, ule ulimuona ku kilio na kovu ku shavu, alikuja mbio. Akaokota raketi, akaipima mu mukono, akaniangalia.

"Mama, huyu mutoto anacheza na hii?"

"Ni ya baba yake."

"Najua ni ya baba yake. Mimi nilisimama pale akiifunga. Hii ni nyundo, Mama. Kasereka mwenyewe aliniambiaka, 'Hii inanifaa mimi tu.' Ungemuvalisha viatu vya baba yake pia?"

Nilitaka kumupiga.

Alituongoza kwa kine, ule munganga mwenye kunyoosha viungo. Kijana mudogo, ananuka marashi. Nikamuuliza kama masomo alimaliza. Akasema, "Nilimaliza, Mukaka, diplome iko pale ku ukuta." Nikamuambia, "Bega haiko ku ukuta, iko hapa." Akacheka, na kutoka pale nilimupenda kidogo. Alimuinua mukono polepole, kando, mbele, nyuma. Akasukuma chini kidogo tu, na mukono ikaanguka sawa jani. Akanionyesha ku bega yangu mwenyewe: mufupa wa mukono umekaa mu kikombe kidogo, na kuna nyama nyembamba zinaushika usitoke. Raketi nzito inavuta zile nyama kila mara mukono inapanda. Kamba ngumu hazimezi pigo, zinalirudisha mu mukono. Mukamato munene unamulazimisha kukaza vidole, na ukikaza vidole unakaza mpaka shingo. Na mipira isiyo na roho inamufanya apige kwa nguvu zaidi. "Zile nyama zimechanika kidogo," akasema. "Akiendelea, zitachanika zote, na hatainua tena mukono hata kuchana nywele. Aache kupiga mpaka mvua hii iishe. Na akirudi, si na hii raketi."

Masika akasema: "Hapana."

Kine akafikiri anaogopa kazi. Akamuambia atafundisha na kinywa, amekaa. "Hapana." Mbusa akasema atamutafutia ingine nyepesi, ya kamba laini. "Hapana, nasema."

Nikabafukuza bote mu chumba, na kine pia, mu chumba yake mwenyewe. Nikafunga mulango.

"Wewe, mutoto. Unataka kuwa kilema? Nani ataoa mukono moja?"

Nikamugombeza mpaka sauti ilinikauka. Kisha akasema, anatazama chini: "Mukaka, Baba wakati alinifundisha kupiga juu, alisimamaka nyuma yangu. Aliweka mukono yake hapa." Akashika ile bega. "Hapa hapa. Alisemaka, 'Tulia, ngoja mupira.' Sasa inauma hapa hapa. Sokulu alisema mu simu ni yeye. Na mimi pia, usiku, nikilala juu ya hii bega, ni sawa yuko. Munataka kuniondolea nini sasa?"

Baba Paluku, nilikaa juu ya ile kitanda ya munganga.

Nilitaka kulia naye. Lakini nikilia mimi, nani atasema? Wewe ulikuwa Kipese. Basi nikamuambia hivi, na narudilia ili ujue: "Masika, mimi njo nilimuzaa. Ile mukono niliijua mbele yako, ilikuwa mudogo sawa kidole yangu. Mukono ya Kasereka hakuna siku iliumiza mutoto. Alichinjaka kuku akifunga macho. Unamusingizia baba yako. Hii yenye kukuuma ni risasi na kamba. Si mutoto wangu."

Alinipatia raketi. Hakuitupa, aliiweka juu ya magoti yangu, sawa wewe siku ile.

Mbusa akaleta makasi yake, akaikaribisha ku kamba, kisha akairudisha mu mufuko. "Mama, siwezi. Angalia hapa, hii fundo ni ya mukono yake. Hakuna mwingine alifungaka vile." Mwanaume mukubwa na kovu yake, akarudi nyuma. Nikamuambia, "Leta wembe basi, na uniambie pa kuanzia." Akasema nianze katikati, nikate moja huku moja kule, ili mbao isipinde. Njo nilifanya vile. Kila kamba ililia wakati inakatika. Masika alisimama ku dirisha, ametupa mugongo. Ile fundo sikukata. Niliifungua na kucha, polepole, mpaka kucha moja ilivunjika, na ile kipande ya kamba niko nayo mu kitenge yangu. Vipande vya risasi Mbusa alibandua. Ngozi ya mukamato sikukubali aiguse, vidole vya mutoto wangu vingali mule.

Kama ulitaka kusema nimevunja neno yako, nimevunja. Ulisema isibadilike. Imebadilika. Ulikuwa mbali, na bega ilikuwa mbele yangu.

Tulirudi Beni. Masika anafundisha amekaa ku kiti, anapiga kelele sawa mimi, batoto banamuogopa. Asubuhi na mangaribi anavuta kauchu, ule mupira wa ndani ya gurudumu ya baiskeli, tumeifunga ku kitasa ya mulango, kine alimuonyesha. Mbusa alituma raketi ingine, nyepesi. Iko mu mufuko wake bado. Hajaigusa, na simusukumi.

Sasa kufika hapa ni kazi, ngoja nivute pumzi.

Bega inapona. Juma hii nilimuona anafunga kilemba na mikono mbili, mikono mbili juu ya kichwa, sawa mwanamke. Nikasema Mungu asifiwe. Akageuka, na uso yake yote ilikuwa machozi.

"Haiumi tena, Mukaka."

"Na njo unalia?"

"Njo nalia."

Akakaa chini mu udongo mbele ya nyumba, miguu imenyooka, na kilemba akakivua. Akaanza kumuita baba yake. Si kwa sauti ya kanisa. Siku tulimuzika Kasereka, yeye hakulia, unakumbuka? Alibeba maji, alipikia bageni, tukasema huyu mutoto ni jiwe. Kumbe alikuwa hajamuacha aende. Tulimuwekea baba yake mu mukono mbele ya kaburi kukauka, tukamuambia ashike, na yeye akashika. Nilikaa kando yake mu udongo. Sikumunyamazisha. Majirani balikuja mmoja mmoja, hakuna mwenye aliuliza, bakakaa. Huku Beni batu banajua kukaa.

Mama Masika alirudi kutoka soko na kitunga ku kichwa. Akaona batu mu uwanja, akaona binti yake chini. Kitunga ikaanguka, nyanya zikatawanyika.

"Nani amekufa?" akauliza. "Mama, nani amekufa?"

Nikamuambia: "Kasereka."

Alinitazama. Kisha akaelewa, akakaa na sisi.

Usalimie Paluku, mutoto wetu wa kwanza, umuambie koti ya mudogo yake asivae kwa kulima. Usalimie bibi yake, mwambie atie majani ya puaro, ile ndugu ya kitunguu, mu supu yako, unapenda hata kama unakataa. Usalimie dada yako mukubwa pale juu ku kilima, na muchungaji wetu, na jirani mwenye kuchunga ng'ombe. Mama Masika anakusalimia. Masika anakusalimia, anasema, "Mwambie Sokulu asinikasirikie." Mimi nimeandika vile alisema, lakini sijamuahidi kitu kwa jina yako.

Ngano itaota bila wewe kuitazama. Kama una hasira juu ya zile kamba, usinitumie kwa karatasi wala kwa mutu. Ilete wewe mwenyewe, na goti yako yote, uniseme mbele ya batu, nitanyamaza. Lakini kuja. Batu bangali banakuja kutuona kila siku, banakaa mu uwanja, na kila mugeni anauliza baba ya marehemu yuko wapi.

Mimi bibi yako,
Mama Paluku, mama ya Kasereka